Mizani

Usinidai mizani katika shairi hili.
Mizani anayo Mwaisumo, karani wa zamu,
kaitundika kwenye mkaratusi pale njia panda,
na haijawahi kunisomea kilo ishirini
hata siku kapu liliponivunja kiuno.
“Toa mbili za kapu,” husema. “Toa tatu za maji.”
Tukuyu, ndugu yangu, mvua hainyeshi, inaishi;
kila jani lina maji yake tangu kuchipua.
Mbona kwenye mnada hakuna anayeyatoa?

Alikuja Mei, mwezi wa matope,
na viatu visivyojua utelezi.
Tukamwita Mchina. Akacheka: “Mkorea.
Na hiyo Korea nimeifikia ukubwani.
Nimezaliwa Bochum, Ujerumani, kwenye makaa ya mawe.”
Jina lake Sunok. Anyosisye akalijaribu mara mbili,
likamteleza ulimini, akampa lingine: Subilaga.

Tumpe hakumpa jina. Tumpe alimpa swali:
“Kwetu unatafuta nini? Picha?”
Mgeni akanyamaza muda wa kumenya ndizi mbichi,
kisha akasimulia habari za mama yake:
muuguzi wa mkataba, miaka ishirini na mmoja,
aliyeosha wazee wa watu
kwa lugha aliyoiokota midomoni mwao.
Mwaka wa kumi na moja wakaambiwa, kazi basi, rudini.
Wakabeba meza ya kukunja, wakaisimamisha sokoni kwenye theluji,
yeye na wenzake wa wodini,
wakaomba saini, mpita njia mmoja mmoja.
“Mimi nilikuwa chini ya meza, nakula mkate,
nahesabu viatu vilivyosimama na viatu vilivyopita.”
“Vilivyopita vilikuwa vingi?” Tumpe akauliza.
“Vingi.”
“Haya. Sogea, moshi unakuumiza.”

Usiku ule, jikoni kwa Anyosisye, tuliandika.
Kapu lipimwe tupu mbele ya macho yetu.
Mwenye mimba asiandikiwe mtoro.
Na yule msimamizi wa kitalu cha nne,
ambaye mikono yake haijui mwisho wa mkono wa mtu,
tulimtaja kwa jina. Kalamu ilisita pale,
binti yangu Lusungu ndiye aliyeisukuma.

Tukachovya dole gumba kwenye wino.
Karatasi ikatupa madoa. Madoa matupu,
laini kama kokwa la parachichi.
Miaka kumi na tisa ya kuchuma imelamba mistari yote;
hata benki mashine ilinikana, ikasema mimi siye mimi.
Mgeni akashika kidole changu, akakigeuzia taa.
“Cha mama kilikuwa hivi,” akasema. “Dawa za sakafu.”
Hakuongeza neno. Namshukuru kwa neno alilolimeza.

Akaenda zake. Kampuni ikabandika tangazo:
doa si saini.
Basi tukakaa chini, makapu tumeyafudikiza,
siku sita, majani yakikomaa na kuwa magumu kama sisi.
Siku ya tano ikaingia picha kwenye simu ya Tumpe:
bibi tisa wenye mvi, makoti hadi magotini,
nje ya duka la chai huko Bochum,
wamenyoosha shuka la hospitali lenye maandishi mekundu:
PIMENI KAPU TUPU,
na ile N imesimama kichwa chini, miguu juu.
Tumpe alicheka mpaka akakohoa,
kisha akajifuta macho
kwa kidole ambacho benki haikijui.

Usinielewe vibaya, hatujashinda.
Msimamizi kahamishwa tu, kapewa kitalu cha saba.
Lakini jana Mwaisumo alitundika kapu langu tupu,
akasoma polepole, kama anayesoma barua ya deni:
kilo moja na robo.
Moja na robo! Siyo mbili.
Robo tatu ya kilo kila mzigo, kwa miaka kumi na tisa:
piga hesabu wewe uliyekaa pakavu.

Maji bado anatoa tatu.
Leo jioni, jikoni, tunaanza na maji.