Ritifaa ya Ng'washi

Kijitonyama, dirisha namba mbili.
Bi Ng'washi Maduhu anakunjua risiti:
"Nimelipa. Zuberi jirani kalipa. Kwake maji yanatoka."

Nikafungua kumbukumbu za usiku.
Zuberi kapita. Mwanaidi kapita.
Ng'washi, Ng'wandu, Ng'hwani: kosa, kosa, kosa.

Miaka tisa, mbele ya ritifaa tuliweka mkwaju,
si ule wa juisi, huu umelalia nyuma,
kazi yake kunong'ona "jina halijaisha, endelea"
kisha kujiondoa, kama mshenga
posa ikishapokelewa.

Jumamosi tukapandisha toleo jipya la hifadhidata.
Hili limesoma kanuni:
mkwaju ni herufi tu, kama a, kama be;
ritifaa hulindwa na pacha wake.
Mshenga kaketi, kanyamaza,
jina likaishia kwenye Ng na mkwaju wake,
mabaki yakamwagika nje ya nukuu.

Nimlaumu nani? Kanuni ilikuwepo kabla yetu.

Saa tisa alasiri nimemaliza kupachika pacha,
mstari kwa mstari, macho yanawasha.
Bi Ng'washi anasaini daftari:
kialama kimoja tu, cha wino,
na karatasi haikuuliza kitu.