Bundi na Gunia la Vitunguu

Ujumbe uliingia Jumanne, saa nne kasorobo,
kutoka kwa Etelka, mke wa daktari wa meno,
mwanamke asiyetia chumvi hata kwenye supu.
Ulikuwa na alama saba za mshangao.
Haukuja na vina; vina nimevitia mimi,
maana ndivyo unavyonirudia usiku:

    Bundi yumo atulia, ndani yako mashineni,
    Wiki moja ikingia, ataruka hadharani,
    Yote atayafagia, hata picha za zamani,
    Futa, kisha nawe pia, waonye walo moyoni.

Nilikuwa karani wa shule ya muziki, Szeged,
chini ya darasa la tarumbeta.
Nikalitafuta faili kama nilivyoelekezwa,
na lo, alikuwepo:
bundi mdogo wa kijivu, kichwa upande,
ananitazama kama mtu anayenidai.

Bibi yangu alikuwa akisema bundi yule mdogo, kuvik,
akilia juu ya paa anamwita mtu kwa jina.
Kompyuta haina paa. Nikamfuta hata hivyo.
Nikamwaga na kikapu cha takataka, mara mbili,
kama mtu afungaye mlango kisha akarudi kuujaribu.

Sasa niseme kweli, maana hapa ndipo penye aibu:
nilifurahi.
Si kila siku karani anaokoa watu.
Majina sitini na matatu katika orodha yangu:
walimu, wazazi, fundi wa piano,
mjomba Dezső wa Makó, aliyejifunza kompyuta juzi,
hata Kálmán,
ambaye tangu talaka tulisalimiana kupitia kwa wakili.
Nikaandika juu: "Si kawaida yangu kusambaza vitu hivi, lakini..."
Kila aliyesambaza alianza hivyo hivyo.
Nikabonyeza.

Kesho yake Bence, mpwa wangu, miaka kumi na sita,
alicheka hadi akaketi sakafuni.
"Shangazi, bundi ametoka nayo kiwandani.
Kila mashine anaye. Ndiyo maana kila mtu alimwona.
Hakukuwa na kirusi.
Kirusi," akasema akijifuta machozi,
"kirusi ni wewe."

Nikaomba radhi, mistari minne, bila alama za mshangao.
Uongo ulikuwa umeshavuka mpaka kwa basi la usiku;
radhi yangu ikabaki kituoni ikitafuta nauli.
Nani husambaza radhi?
Kálmán pekee alijibu:
"Nimeshafuta. Ahsante kwa kunikumbuka."
Sikujua mtu wa namna hiyo hujibiwa nini.

Mwezi Mei onyo lilinirudia, kutoka kwa nisiyemjua,
limenenepa: sasa bundi anaiba na akiba ya benki,
na chini kabisa, kama ushahidi wa mtaalamu,
jina langu, cheo changu, simu ya shule.

Agosti nikaenda Makó, vitunguu vikivunwa.
Mjomba Dezső aliacha kuniandikia tangu majira ya baridi.
Nilidhani amenuna.
Kompyuta ilikuwa pembeni mwa jiko, waya umechomolewa,
imefunikwa gunia la vitunguu,
na juu ya gunia, pasi ya chuma.
"Nilishindwa kumfuta," akasema.
"Kipanya hunikimbia mkononi.
Nikaona afadhali nimzibe pumzi."

Nikaondoa pasi. Nikakung'uta maganda.
Mashine ikaguna, ikawaka shingo upande,
na barua zikaanza kushuka:
onyo, onyo, onyo,
mara kumi na moja, kutoka kwa watu kumi na mmoja wampendao,
na katikati yao radhi yangu, haijafunguliwa.

Nikamtafuta bundi.
Yupo. Mzima. Kichwa upande.
Kati ya mashine zetu zote sitini na nne,
labda hii peke yake haikuwa na kasoro.
Nyuma yangu mjomba akarudi hatua mbili,
akanong'ona:
"Mfute basi. Si wewe ndiye mtaalamu?"