Vipimo vya Mkono wa Kushoto

Asubuhi, kabla sijafungua duka,
nautoa utepe ule ule uliopima
mabega ya mabiharusi wa Chavakali
na viuno vya kwaya mbili zisizoelewana,
nauzungusha mkononi mwangu mwenyewe.
Kifundo: kumi na tisa. Juu ya kiwiko: thelathini na tatu.
Wa kulia: kumi na saba; ishirini na tisa.
Naandika nyuma ya daftari la madeni,
chini ya Mama Kisia, aliyechukua sare tatu akayeyuka.

Kisumu waliniambia watatoa titi.
Hilo nililielewa. Lilishalisha wanne, nikaliaga.
Kwapa hakuna aliyelizungumza sana.
"Na tezi chache," daktari alisema,
kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.
Kumi na nne.
Niliisoma hesabu hiyo nikiwa nimeshafika nyumbani,
kumi na nne, na sijui hata moja ilikuwa na sura gani.

Kwanza mrija. Chupa niliificha ndani ya leso,
maji ya rangi ya turungi,
Kageha mwanangu akiyapima kwa macho makavu
na kwenda kulilia jikoni.

Kisha uzi.
Naapa, uzi: toka kwapani hadi kwenye kiwiko,
umevutwa chini ya ngozi
na mwanagenzi aliyekaza mshono
mpaka kitambaa kikajikunja.
Nikinyanyua mkono, mwili wote unavutika.
Panda ukuta, aliniambia Bi Akelo wa mazoezi,
panda kwa vidole, usikimbizane na mtu.
Nikatia alama kwa chaki ya kukatia nguo:
Jumatatu, hapa.
Alhamisi, upana wa ukucha.
Mwezi wa tatu nikaigusa kalenda,
nikaketi sakafuni nikacheka peke yangu.

Na kuna sehemu, upande wa ndani, si yangu tena.
Nikiigusa, ni vidole tu vinavyojua vimegusa.
Lakini usiku, sehemu hiyo hiyo isiyohisi
inawasha,
nami sina pa kukuna.

"Usijichome sindano." Mimi! Fundi!
Mwambie mpishi asinuse.
Agosti nilijichoma kidogo tu, pindo la gauni la ubatizo;
jioni mkono ulikuwa mwekundu hadi begani,
nami natetemeka chini ya blanketi mbili.
Siku kumi za vidonge.
Sasa navaa subana vidole viwili
na kanyagio nalibembeleza.

Juzi, kliniki ya Mbale, kijana wa presha
akaushika wa kushoto.
"Si huo."
"Ni dakika moja tu, mama."
"Si huo, mwanangu. Huo umestaafu."

Jana akaja Mwalimu Jendeka na kitenge cha kijani.
Akaeleza kola, akaeleza urefu,
kisha akasema akitazama cherehani, si mimi:
huu wa kushoto uuachie nafasi.
Sikuuliza.
Nikapitisha utepe, taratibu, bila kukaza.
"Umezidi tano," nikasema. "Wangu nne."
Akavuta pumzi ndefu.
Kisha tukachagua vifungo,
naye hakupenda hata kimoja.