Digrii Mia na Themanini, Aberdeen

Chungu cha chuma kimefungwa kwa boliti nane.
Eilidh Mutch amezihesabu mara mbili,
kisha akatoka kuvuta sigara mvuani.

Ndani, maji yamekatazwa kuwa mvuke.
Chokaa si sukari: huchukia joto,
kadiri maji yanavyopanda moto
ndivyo inavyogoma kuyeyuka.
Anayelegea ni mchanga,
mkaidi wa ufuko wa Balmedie,
asiyejali baridi, wala bahari, wala karne.

Nami niliweka dau kwa chokaa,
ile iliyoniunguza ulimi
siku nilipoiba tambuu ya bibi.

Alfajiri tukafungua.
Chokaa haipo. Punje za mchanga zimelika kingo,
na katikati yake, kwenye hadubini, kumeota nyuzi
nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga,
zimeshikana, hazijulikani
ipi ya nani.

Eilidh akagonga kipande mezani.
Kikalia.
“Jiwe,” akasema, akaandika saa.

Miaka kumi na mmoja katika mji huu wa itale.
Alipogeuka kuosha mikono
nikajigonga kifua, polepole,
nisikie kinaliaje.