Ramani ya Upanuzi

Mhandisi Mkawasi ametandaza karatasi juu ya meza ya tiketi
na kuikandamiza pembe zote nne kwa alivyovikuta:
kikombe changu cha kahawa, kikokotoo,
kufuli la lango,
na lile jiwe ambalo wageni huambiwa limetoka angani.

Nje, jua la saa sita la Ngomeni
linapika chumvi kwenye mabwawa.
Ndani, roketi yetu ya mbao, iliyopakwa masalio ya rangi ya mashua,
inavuma: nyigu wamehamia tangu Ramadhani
na hawajalipa kiingilio.

“Hapa,” anasema, “kuba la vioo. Viti mia mbili na arobaini.
Tutaleta giza mchana kweupe, mtoto aione Zohali na pete zake.
Hapa maegesho. Hapa mabasi ya wageni kutoka Watamu.
Hapa mkahawa, utaitwa Mwezi Mpevu.”
Kidole chake kinakanyaga choo,
kinavuka mwarobaini,
kinasimama juu ya kichwa cha Nyevu
anayekaanga viazi vya karai papo hapo, dirishani, hana habari.

Nauliza: Nyevu yuko wapi humu?
Anatafuta. Anaigeuza karatasi,
kama kwamba mtu huweza kuwa amekaa upande wa pili.
“Hii bado rasimu,” anasema.

Rasimu. Neno zuri. Lina mlango wa nyuma.

Baba yangu naye aliishi ndani ya rasimu ya watu wengine.
Alikwangua kutu kwenye nguzo za chuma kule majini
enzi Waitaliano walipokuwa wakirusha vyombo,
akajifunza kuhesabu kinyumenyume
kabla hajajua kuhesabu kwenda mbele.
Hata uzeeni, akigawa mihogo, alianza kumi akashuka,
na akifika sifuri aliinua uso juu,
sisi tukamwibia.
Usiku wa mwisho, wodi ya wanaume, Malindi,
nilimsikia: tre, due, uno.
Sikuinua uso. Nilikuwa nimeushika mkono wake
kama mtu anayezuia hema lisipeperuke.

Kwenye ramani ipo sehemu imeandikwa Historia,
mita tatu kwa nne, ubavuni mwa vyoo.
“Tutaweka picha yake,” anasema Mkawasi, na naamini anamaanisha.
Hakuwahi kupigwa picha. Aliacha kikwanguo,
mpini wake umelika kwa umbo la kidole gumba.

Leo kiingilio ni shilingi thelathini. Kitakuwa mia nane;
wakazi nusu, wakija na kitambulisho.
Kisha ukuta: mstari mweusi, mnene, mita tatu kwenda juu,
umezunguka kila kitu bila kupumua.
Sasa hivi ni wavu, na wavu una tundu nyuma ya tangi,
na tundu hilo nalijua kwa kipimo cha Kabibi, darasa la tatu,
ambaye ameivaa kofia yetu ya mwanaanga mara nyingi
kuliko mwanaanga yeyote.
Kengele ya shule ikilia saa tisa
mimi huenda kuhesabu stakabadhi, wavu nimeupa mgongo.

Naichukua penseli yake.
Nachora, nyuma ya tangi, kiduara kadiri ya mabega ya Kabibi.
“Hiki nini?”
“Vipimo vimesahau kitu.”
Anatafuta kifutio mfukoni, mkobani, chini ya kikokotoo.
Kisha anaacha kutafuta. Au amechoka tu; joto kali.
Anaikunja karatasi, kiduara kikiwa ndani.

Kabla hajaondoka analinyanyua jiwe, analipima kiganjani.
“Lakini hili, kweli lilianguka?”
“Lilianguka,” namwambia.
Na sisemi uongo: lilianguka mara mbili,
njia ya Fundisa,
kapu la baiskeli yangu lilipokatika.