Makopo Sita ya Rangi ya Njano

Walinipa makopo sita ya rangi ya njano,
brashi mbili, gurudumu la kupimia,
na fomu yenye visanduku: Jina la kituo. Umbali. Maoni.
"Alama kila hatua mia," alisema Bwana Mwakalobo,
"wageni wasipotee, toka Ngosi hadi Matema."
Wenyeji wapotelee wapi, hakusema.

Ngosi nilichungulia nikiwa nimeshika mzizi.
Ziwa limekaa chini kule, kijani, halipepesi,
halina mto wa kuliingia wala wa kulitoka.
Nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Nikaandika: Umbali, sifuri.
Maoni nikayaacha.

Msitu wa Rungwe haukuitaka rangi yangu.
Gome lina kuvu, jiwe lina jasho,
mvua ikalamba alama kabla sijafunga kopo.
Nikapaka tena. Ikalamba tena.
Mianzi iligongana usiku kucha
kama watu wanaotafuta vikombe gizani,
na alfajiri kipunji akabweka mara moja tu,
kisha akanyamaza, kama aliyekosea nyumba.

Kitulo, umande ulikuwa umeganda,
nyasi zina chumvi isiyo chumvi.
Wanawake wawili walikuwa wakichimba chikanda;
waliponiona na fomu, jembe likaingia chini ya kanga.
"Kamwene," nikasema. "Mimi si wa serikali."
Nimevaa koti la serikali, nembo kifuani.
Tulicheka mpaka mmoja akakaa chini.
Wakanipa kiazi cha majivuni, nikakihamisha
mkono kwa mkono, kikanipasha vyote viwili.

Sasa nikuambie lisilo kwenye fomu.
Mama yangu, Sevelina Sanga, aliipita njia hii
kabla haijawa njia ya mtu kupumzikia.
Viazi vikishuka, vyungu vya Wakisi vikipanda,
siku mbili kushuka, siku tatu kupanda,
kichwani kata ya majani ya mgomba
na mimi mgongoni, mzigo usiouzika.
Kila kona aliijua kwa jina:
Goti la Kwanza. Goti la Pili.
Kwa Mume Mvivu, penye kivuli kizuri.
Na pale mteremko unapokatika kama mkate,
ziwa Nyasa likajitokeza lote kwa mpigo,
pale panaitwa Usicheke,
maana ukicheka shingo hulegea,
na shingo ikilegea umeuza bure.

Nilifika Usicheke siku ya tano, saa tisa.
Gurudumu likagota kwenye kitu.
Vigae. Vitatu vikubwa, vingine vya kuhesabia watoto,
vyekundu, mistari myeupe bado ipo,
vimelala katikati kabisa ya njia
iliyochorwa ofisini kwa rula.

Nilisimama na brashi inadondosha.
Tone moja likaangukia kiatu, halijatoka mpaka leo.
Kisha nikaipindisha njia.
Hatua tisa kushoto, kuzunguka kichaka cha mdaa,
hatua tisa kurudi.
Ukipita utaona alama zinayumba kama mlevi wa ulanzi.
Usimlaumu mpakaji.

Jina la kituo: Usicheke.
Umbali: tazama gurudumu.
Maoni: Mama alicheka.

Matema nililala na mchanga masikioni,
nikala mbasa mzima peke yangu, kichwa na yote.
Bwana Mwakalobo akapiga simu kuhusu hatua kumi na nane.
Nikamwambia mtandao unakatika.

Kopo la sita lilibaki nusu.
Nimeupakia mlango wa jiko la mama, Bulongwa,
yeye amekaa kwenye kigoda, magoti hayapandi tena kitu.
"Vigae vipo?" akauliza, hakunitazama.
"Vipo."
Akashika ukuta. Mabega yakaanza kutikisika.
Nikamuuliza, kwa mara ya mia,
siku ile Anyesi alikuambia nini?
Akafuta machozi kwa kiganja, akaacha njano shavuni,
akasema, "Paka, rangi inakauka."