Mstari Niliouchora

Kazi yangu ni kuchora mstari.
Bwana Kuo, mkubwa wangu, huuita utabiri,
mke wangu huuita kodi ya nyumba.
Mwaka ule wa vishikwambi niliuanzia chini, kushoto,
nikaupandisha, nikaupandisha,
karatasi ikaisha kabla ya tamaa.

Milioni kumi. Hamsini. Mia mbili.
Sikuwa nimeshika hata kimoja.
Nilikuwa na nukta mbili za miaka iliyopita
na rula.

Wenye viwanda wakapanda treni kutoka Hsinchu
kuja Taipei kuutazama.
Waliupapasa kama mtu apapasavyo kitambaa dukani,
wakauliza kama hauchuji.
Hauchuji, nikasema.
Bwana Teng, mkata vioo, akaagiza mashine tatu
kabla chai yake haijapoa.

Ni Hsiu-chin peke yake aliyenibishia,
Liao Hsiu-chin wa ghorofa ya tatu, soko la vifaa vya umeme,
kibanda chake upana wa mikono iliyonyooshwa,
chaja zikining'inia juu kama mikunga.
"Simu ina mfuko," alisema, "kompyuta ina meza.
Hiki, mwenzangu, kitakaa wapi?"
Katikati, nikamjibu, kama nilivyoandika ukurasa wa nne.
"Katikati ya mfuko na meza kuna goti.
Haya, tuuze magoti."

Akauza. Miaka miwili aliuza mpaka vidole vikanuka plastiki.
Kisha simu zikaanza kunenepa,
kila msimu upana wa ukucha,
navyo vishikwambi vikakonda kwa hofu,
mpaka vikakutana nazo katikati ya kaunta
kama ndugu wawili na urithi wa kitanda kimoja.
Na walionunua hawakurudi.
Si kwa hasira. Vyao vilikuwa vinawaka bado,
jikoni, chooni, chini ya mito ya watoto:
mali isiyojua kufa, sumu ya muuzaji.

Bwana Teng alinipigia saa tano usiku.
Hakutukana. Heri angetukana.
"Mstari ukishuka," aliuliza, "huwa unaishia wapi?"
Nyuma yake sikusikia mashine hata moja.

Kesho yake nilikwenda kukaa kibandani kwa Hsiu-chin,
mvua ikinyesha, toka kufungua hadi kufunga,
na daftari badala ya jedwali.
Alikuja mpika tambi, akataka sita vya kuonyeshea vyakula,
vinavyovumilia mafuta na wateja wenye matusi.
Alikuja mzee na mjukuu, wakaondoka na kifuniko tu.
Saa nzima hakuja mtu.
Halafu Wulandari, mlezi wa wagonjwa, mwenyeji wa Cilacap,
mwavuli wake umevunjika mbavu mbili,
akachagua kilichotumika, chenye ufa pembeni.
"Kwenye simu," alisema, "mwanangu ananiambia:
Mama, mbona umekuwa mdogo?"

Hsiu-chin alishusha bei bila kuombwa,
kisha akanikazia macho
kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia ile tofauti.
Niliandika: kimoja, kilichotumika, faida hakuna.
Nikafuta. Nikaandika tena.
Jedwali langu lina safu ya umri, ya kipato, ya mji;
halina safu ya ukubwa wa uso.

Juzi Bwana Kuo ametaka mstari mwingine,
wa miaka mitano ijayo, kabla ya Ijumaa.
Wanasema vitakunjika, wanasema vitakuja na kalamu,
wanasema shule, hospitali, mashamba ya chai;
huenda. Mimi nimeuchora bapa,
bapa kama chenyewe kilivyo juu ya goti,
haupandi, hauanguki,
ila pale mwishoni, kulia kabisa,
una kitu kama kutetemeka.

"Hapa vipi?" akauliza, kidole juu yake.
Nikamwambia ni rula.